Uongo Mdogo wa Kengele Kubwa

Zarechinsk, 3 Septemba 1873

Baba yangu mpendwa, Yermolai Savvich,

Mimi binti yako Ustinya nakuinamia mpaka ardhini, mume wangu Timofei anakuinamia, na baba yangu wa ubatizo Nikon Zuev, aliyenilea tangu ulipochukuliwa, anakuinamia kutuzidi sote. Ama baada ya salamu, kaa chini kwanza. Kama umesimama, Baba, kaa.

Vyombo vya altare vimepatikana.

Wiki iliyopita mafundi walikuja kubomoa lile jiko la matofali la sakristia, maana lilikuwa likitoa moshi kuliko moto. Nyuma ya matofali ya juu, mahali pakavu, likatoka furushi. Ndani mlikuwa na sahani tatu za fedha, kikombe na kijiko chake, hakuna hata kimoja kilichopungua. Miaka ishirini na miwili umekaa Siberia kwa wizi wa vitu ambavyo havikuvuka mlango wa kanisa! Nilipovigusa nikacheka na kulia kwa pamoja, mpaka mke wa shemasi akanimwagia maji.

Na kilichovifunga, Baba, ni stola ya kijani ya marehemu Padre Pafnuti, ile ya kuvaa shingoni aliyokuwa akiifungia sandukuni nyumbani kwake. Wazee sasa wanakumbuka. Wiki ile mji mzima ulikuwa ukisema kwamba wewe, mlinzi wa kanisa, unakula supu ya kabichi kwa sahani ya fedha. Padre akaingiwa na hofu, akavificha vyombo mpaka maneno yapoe. Siku hiyo hiyo kiharusi kikamwangusha na ulimi ukafa, na vyombo vilipokosekana wakakukamata wewe. Miaka miwili aliyobaki duniani, kila alipoona jiko alilinyooshea kidole, na watu wema wakamwongezea kuni.

Nikakimbia kwa hakimu. Unajua aliniambia nini? "Binti, jiko hilo lilikuwa likiwashwa na nani? Na baba yako. Basi aliyeficha ni nani?" Nikamwambia, na stola je? Akasema mwizi wa sahani hashindwi kuiba na kitambaa. Lakini si mtu mbaya, huyu mpya. Anasema mashahidi kumi na wawili waliapa, na ukiwachunguza wote walisikia kwa mtu. Akipatikana aliyeyasema maneno yale mara ya kwanza, akaeleza kwa kiapo aliyatoa wapi, kesi itafunguliwa upya na wewe utarudi. Asipopatikana, utazikwa huko huko.

Kwa hiyo namtafuta. Baba Nikon ananisindikiza nyumba kwa nyumba, maskini, na kifua chake kile. Amekonda hata mkanda ameutoboa tundu jipya. Wewe unamjua mtu huyo? Ni nani aliyekuchukia kiasi hicho?

Mwanao,
Ustinya


Solyanka, ng'ambo ya Irkutsk, 11 Novemba 1873

Mwanangu Ustinya,

Nilikaa chini kama ulivyoniamuru, tena juu ya gunia la chumvi, nikaisoma barua yako mara nne. Ya tano nilimsomea mbuzi.

Hakuna mwizi! Unaelewa maana yake kwangu? Miaka yote hii nilikuwa nikimwombea mwizi. Nilimpa mpaka sura: ndevu nyekundu, jicho moja dogo kuliko lingine, na mke anayemsumbua. Kila asubuhi nilimwomba Mungu ampe mtu yule toba. Kumbe nilimwombea mtu ambaye Mungu hakuwahi kumuumba. Sasa nakaa na kujiuliza maombi yale yalikwenda kwa nani. Lazima yalitua mahali. Nikifikiri hivyo nywele zinanisimama, mwanangu, na si kwa hofu.

Na Padre Pafnuti, maskini! Mimi mwenyewe nilikuwapo. Asubuhi ile waliyokuja kunikamata nilikuwa nimempelekea maziwa. Akanitazama, akainua mkono wake mmoja uliobaki mzima, akanyoosha kidole kwenye jiko. Nikamwambia, "Nimekuelewa, Baba, unasikia baridi," nikasukuma gogo jingine. Akalia. Nikadhani ni moshi.

Lakini hilo la kumtafuta mtu wa kwanza, liache. Maneno hayana mama. Mimi niko salama: pingu walinifungua zamani, nina kibanda, nina mbuzi mwenye tabia mbaya, na vijana wanaoletwa kwenye chumvi huniita Babu. Kuondoka tu ndiko kusikoruhusiwa. Usimchoshe Nikon, mwache mzee wa watu apumzike. Sikuombi, nakuagiza.

Baba yako,
Yermolai


Zarechinsk, 20 Januari 1874

Baba,

Umeniagiza, na mimi sitatii. Ulinikosa nikiwa na miaka mitatu, hukupata nafasi ya kunifundisha utii, sasa umechelewa.

Unajua watu wanasemaje? "Mbona mwenyewe hataki kesi ifunguliwe?" Lisemwalo lipo, wanasema, na kama halipo laja. Juzi Timofei, mume wangu mwenyewe, aliniuliza kwa upole kama pengine huko una mke mwingine na watoto. Kama ndivyo, niambie. Nitaumia, nitanyamaza, nitawashonea hao watoto mashati. Lakini usiniandikie habari za mbuzi wakati mimi nakutafutia njia ya kurudi nyumbani.

Basi sikia. Mjane Glafira aliyasikia maneno yale kwa muuza samaki. Muuza samaki aliyasikia kwa dada yake. Dada yake kwa Fyokla dobi. Fyokla ana miaka themanini, hasikii lolote na hasahau lolote. Nilimpigia kelele sikioni mpaka majirani wakatoka nje. Akanijibu kwa sauti ya kuwaamsha wafu: "Niliyasikia shimoni! Kwa wasubu kengele, siku ile wanayeyusha shaba! Niliwapelekea mashati!"

Furaha niliyoipata, Baba! Kwa sababu fundi mkuu wa shimo lile la kumiminia kengele alikuwa nani? Si Baba Nikon? Ile kengele kubwa ni kazi ya mikono yake, alilala pale siku zote za kuisubu. Lazima anakumbuka nani alikuwapo na nani alisema nini. Jambo lenyewe lilikuwa mezani kwetu muda wote, na sisi tunazunguka kwenye theluji!

Namwandalia pai ya samaki anayoipenda. Akishashiba nitamwuliza.

Ustinya


Zarechinsk, 22 Januari 1874

Yermolai Savvich, ndugu yangu, kama neno hilo bado ninaruhusiwa,

Ameniuliza. Pai ilikuwa bado mdomoni. Nikamjibu kwamba shimoni kulikuwa na moshi na watu wengi, sikumbuki. Akanipangusa makombo kwenye ndevu, akasema, "Usijali, Baba Nikon, utakumbuka." Nikaiacha pai, nikatoka nje.

Ni mimi.

Unaijua desturi yetu wasubu. Kengele kubwa haisubiwi bila mji kulishwa uongo. Mwalimu wangu alituambia: uongo ukienda mbali, na sauti ya kengele itafika mbali. Na aliyeutunga asijulikane mpaka kengele ilie mara ya kwanza, la sivyo itatoka bubu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukicheka nao. Kengele ya Mtakatifu Nikola ilisubiwa kwa habari ya kambare aliyemeza mhunzi na nyundo yake, na mji ukaenda mtoni kutazama.

Zamu yangu ilipofika nikatafuta cha kusema. Wewe ulikuwa umepita shimoni mchana ule, umetuletea uji, ukatutania kwamba tunakula kwenye sufuria kama nguruwe. Ulipoondoka nikasema, "Mwacheni, yeye kwake anakula kwa sahani ya fedha ya altare." Watu wakacheka. Fyokla alikuwa amesimama na mashati yake. Basi, ni hayo tu.

Mwalimu alituonya kwamba uongo wa kengele lazima uwe mkubwa, mkubwa hata mtoto akiusikia ajue. Kosa langu ni kwamba niliutunga mdogo. Niliutunga mdogo kwa sababu ulikuwa wa rafiki yangu, sikutaka kukudhalilisha kwa jambo kubwa. Ungekuwa mkubwa wangecheka. Ulikuwa mdogo wakauamini, na Padre naye akauamini, akavificha vyombo kwa ajili yake. Hakukuwa na mwizi mpaka mimi nilipofungua mdomo. Nilimtengeneza kwa neno moja, kama vile Mungu alivyoumba nuru, na tangu vyombo vipatikane sithubutu hata kusema "habari za asubuhi".

Walipokukamata shaba ilikuwa bado inapoa ardhini. Nikajiambia, ngoja ilie, nitasema. Jaji aliniuliza kwa kiapo, nikasema sijui. Ililia siku ya Krismasi, na wewe ulikuwa umeshatembezwa na pingu wiki ya tatu. Ndugu yangu, hujaisikia sauti ile. Farasi walisimama barabarani. Watu walipiga magoti kwenye theluji bila kuambiwa. Mimi nilisimama chini yake na nikajua kwamba sitasema, kwa sababu ningesema wangeichukia. Hilo ndilo jambo la kwanza. La pili ni woga, basi.

Sasa nakuomba. Niandikie mstari mmoja kwamba umenisamehe. Nikiwa nao mfukoni nitakwenda kwa hakimu. Bila huo sifiki, nimejaribu mara mbili na mara zote nimerudia langoni kwake.

Nikon Zuev


Zarechinsk, 12 Februari 1874

Baba,

Sijui kama barua ya Nikon Zuev imekufikia. Anasema alikuandikia. Mimi naandika kilichotokea juzi, Jumapili ya Kuombana Msamaha, na nitakiandika upesi kabla sijachana karatasi.

Unajua ilivyo. Watu wote kanisani wanainamiana, mmoja mmoja, "Nisamehe," "Mungu atakusamehe," kama mchele unavyomiminwa, mwaka nenda mwaka rudi, na wengi wanawaza chapati za siagi za mwisho kabla ya Kwaresima. Zamu yake ilifika mbele yangu. Akapiga magoti, mzee yule, mpaka paji la uso likagusa sakafu. "Nisamehe, Ustinya Yermolayevna." Nikafungua mdomo kumjibu kama kawaida.

Akasema, "Ngoja. Usijibu. Kila mwaka umenijibu, miaka ishirini na miwili, na hujui unachosamehe. Leo sikia kwanza."

Akaeleza yote pale sakafuni. Shimo, uji wako, sahani, kiapo. Sauti haikuwa kubwa lakini kanisa lilikuwa kimya hata mishumaa uliisikia. Fyokla akawa anauliza kwa kelele, "Anasemaje? Anasemaje?" na hakuna aliyemjibu. Alipomaliza hakuinuka. Alikuwa akingoja neno langu.

Sikulitoa. Mtu huyu alinisuka nywele nilipokuwa na surua na mikono yangu imefungwa nisijikune. Alinifundisha kusoma kwa herufi alizozichonga kwenye nta. Na kila usiku wa utoto wangu niliposali "Mungu mrudishe Baba," yeye alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akisema amina. Nilimruka pale alipolala, nikatoka nje.

Hakimu amechukua maelezo yake. Amesema yanatosha, karatasi zako zitakwenda Petersburg. Utarudi, Baba. Nilidhani siku nitakayokuandikia neno hilo nitacheza.

Ustinya


Solyanka, 2 Aprili 1874

Nikon,

Kristo amefufuka. Barua yako ya Januari imenifikia wiki ya Pasaka. Nyingine yoyote kutoka kwenu sijaipata bado, barafu imekatika mitoni.

Unaniomba mstari mmoja. Sikuandikii. Msamaha si hati ya kusafiria, ati mtu aionyeshe langoni kwa hakimu ndipo apite. Ukienda, nenda kwa sababu ni kweli. Na kabla ya hakimu mwambie mtoto.

Sasa na mimi nikwambie jambo, na ukae chini kama mwanangu alivyonikalisha.

Nilijua. Nilijua tangu siku ya pili. Ulidhani nini? Nimewaletea uji wasubu kengele maisha yangu yote, nisitambue uongo wa shimoni nikiusikia? Nilicheka peke yangu kwenye ngazi za mnara. Waliponikamata niliendelea kucheka moyoni. Nikasema, kengele ikilia Nikon ataeleza, tutakunywa chai. Ningekutaja siku ile ningekuwa nje kabla ya jioni. Lakini hereni za Pelageya zilikuwa mle kwenye shaba, za mke wangu, pamoja na za wanawake wote waliokufa kwa kipindupindu. Nilizitupa mimi kwa mkono wangu. Sikutaka itoke bubu.

Nikangoja. Nilingoja Kazan, nikangoja Perm, milimani nilikuwa bado nageuka nyuma. Halafu nikaelewa kwamba huji. Nikakuchukia, Nikon, sitakuficha. Nilikuchukia mpaka meno yakaniuma. Ningeweza kuandika hata wakati ule, lakini nikasikia kwamba wewe ndiye uliyemchukua Ustinya, na ningekutaja angebaki na baba wawili Siberia na hana hata mmoja nyumbani.

Mwaka wa tisa waliletwa hapa wafungwa wapya, na mmoja alikuwa mwendeshaji wa magari ya theluji ya farasi kutoka kwetu. Hakunijua. Alisimulia kwamba tufani ya theluji iliwakuta uwandani, msafara mzima, watu arobaini na wanawake na watoto wachanga, hawaoni hata masikio ya farasi. Wakaanza kuagana. Ndipo wakaisikia kengele ya Zarechinsk, inapigwa kuwaita waliopotea. Kengele nyingine zote upepo ulikuwa umezimeza, hii ikapenya. Umbali ambao hakuna kengele inayofika, ikafika. Waliifuata kwa masikio, wakaingia mjini wote arobaini, hakupotea hata mtoto.

Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi. Niliwahesabu mmoja mmoja, hao arobaini, nikawaweka upande ule, nikajiweka mimi upande huu. Sikuelewa, na mpaka leo sielewi, Mungu anawezaje kutumia uongo wa kipuuzi na uchungu wa mtu mmoja kufanya jambo kama lile. Nilivua kofia. Masikio karibu yaanguke. Tangu siku ile chuki ilikwisha.

Lakini mstari wako sikuandikii. Nenda.

Yermolai


Zarechinsk, 20 Februari 1875

Kwa Nikon Zuev, katika monasteri

Nikon,

Nimefika. Safari imenichukua miezi minne, na nimeletwa na watu zaidi ya thelathini waliokataa kunitoza. Mbuzi nimemwacha kwa maadui zangu.

Ustinya amenieleza ya Jumapili ile. Nilipoandika barua yangu ya Pasaka, nikikusukuma uende kwa maneno yangu yote makali, ulikuwa umeshakwenda zaidi ya mwezi, tena bila mstari wangu mfukoni. Na hakimu akakufanyia wepesi, ukapewa miaka miwili ya toba huko kwa kiapo cha uongo. Nasikia huko unapasua kuni na unakohoa.

Sikiliza, kuna neno nililokuandikia ambalo si kweli. Nilisema chuki ilikwisha mwaka wa tisa. Niliingia mjini Jumamosi saa ya sala ya jioni, kwa miguu, na nilipofika kwenye daraja ikaanza kulia. Nilikuwa sijawahi kuisikia, Nikon. Niliketi kwenye theluji palepale. Sijui kwa nini mlisema farasi walisimama, mimi nilidhani dunia ndiyo imesimama. Sauti ile ilinipitia kifuani ikatokea mgongoni, na ndani yake nikamsikia Pelageya, naapa, si kama kumbukumbu, kama mtu aliyeko chumba cha pili. Na hapo hapo nikakuchukia upya, chuki nzima, mbichi, kuliko ya mwaka wa kwanza. Kwa sababu wewe ulikuwa na sauti hii kila siku kwa miaka ishirini na mitatu, na mimi nilikuwa na chumvi. Yale ya mwaka wa tisa yalikuwa msamaha wa mtu ambaye hajui alichoibiwa.

Niliketi mpaka ikanyamaza. Watu walipita wakidhani nimelewa. Ilipokwisha kabisa, na mvumo wake wa mwisho, nilijitafuta ndani, nikatafuta kila pembe, sikuiona tena. Sikuifukuza mimi. Ilikuwa imetoka. Sasa nakuandikia mstari wako: nimekusamehe, na safari hii najua ninachosamehe.

Ustinya nilimwambia ukweli wangu jana, kwamba nilijua na nikanyamaza. Niliona ni haki yake. Akaweka sufuria chini, akanitazama, akasema, "Basi mlikuwa wawili." Sasa ametununia wote kwa usawa. Amekufumia soksi, zimo kwenye kifurushi hiki, lakini jina lako amekataa kuliandika, nimeliandika mimi. Mwachie muda. Yeye ndiye peke yake kati yetu ambaye hakudanganya.

Maana hilo ndilo lililobaki. Jaji yule wa zamani aliniwekea Injili na mimi pia. Akaniuliza, "Unajua maneno haya yameanzia wapi?" Nikaweka mkono, nikasema sijui. Kiapo kilekile, Injili ileile, siku ileile, mimi kabla ya chakula na wewe baada. Nimemwandikia abate na kumweleza. Amejibu kwamba kosa langu limeshalipwa Siberia mara kumi. Nimemwandikia tena kwamba Siberia nililipa la sahani, ambalo sikulifanya. Hili nililolifanya sijalilipa hata siku moja. Amekubali nije kwa Kwaresima hii, wiki zote saba, nipasue kuni pamoja nawe.

Nitafika Jumatatu. Tafadhali, usije mlangoni kuniinamia. Ukiinama itabidi na mimi niiname, na magoti yangu yakishagusa chini hayainuki bila msaada, na yako nasikia ni hivyo hivyo. Tutabaki sakafuni wote wawili mpaka abate aje atuinue.

Yermolai